Kifaru Kimekwenda Vitani

Juzi mjukuu wangu Milembe alinisahihisha Kiswahili, nami ni mtu niliyekula mshahara wa serikali kwa kusahihisha Kiswahili cha wakubwa wangu. Alikuwa ameketi sebuleni kwangu, hapa Shinyanga mjini, akifanya kazi aliyopewa shuleni: ramani ya Tanzania na penseli mbili za rangi. Walipo faru leo alitakiwa kupaka nyeusi. Walipopata kuwapo zamani, kijivu. Nilimuuliza mbona upande wetu ameuacha mweupe kama sahani, ilhali vifaru walikuwapo.

“Bibi, sema faru,” aliniambia bila kuinua kichwa. “Kifaru ni lile gari la jeshi.”

“Haya, faru. Walikuwapo Kishapu.”

“Kitabu hakijasema Kishapu. Kinasema katika maeneo mengine walitoweka, basi.”

Walitoweka. Neno hilo nimeliandika mara nyingi mno kazini hata nisidanganyike nalo. Jalada hutoweka, tairi la gari la ofisi hutoweka, saruji ya zahanati hutoweka. Ni kitenzi kisichohitaji mtu. Kila kitu hujiondokea chenyewe, kama umande. Lakini lililonichoma zaidi ni lile la kwanza, kifaru, kwa sababu mtoto yule alinikumbusha, pasipo kujua, kwamba mimi nilidanganywa na neno hilohilo nilipokuwa na umri kama wake. Wenzangu wa rika langu mnaokumbuka betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu mtanielewa upesi, wengine wavumilie.

Kwetu ni upande wa mashariki wa Kishapu, katika nchi ya udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Kila mji ulizungushiwa minyaa. Mti huo hauna jani la maana wala kivuli. Ni vijiti vya kijani vilivyojaa utomvu mweupe unaowasha, na ng’ombe mwenye akili hausogelei. Mnyama mmoja tu ndiye aliyeula, tena kwa raha, nasi kwa Kisukuma tulimwita mhela.

Alikuwa jike, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Mchana alijificha katika vichaka vya ngitili, yaani lile eneo la malisho ambalo wazee hulifunga masika ili nyasi zisimame, wakalifungua kiangazi kinapozidi. Baba yangu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyepewa dhamana ya kuangalia kwamba hakuna anayeingiza ng’ombe humo kabla ya wakati. Sheria ya ngitili haikumtaja mhela hata kidogo. Ilihusu nyasi na ng’ombe. Yeye alijipatia hifadhi humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kiangazi kilipokaza alikuja alfajiri kula uzio wetu. Tulimsikia kabla ya kumwona: pumzi nzito kama mivukuto ya mhunzi, kisha vijiti vikivunjika kimoja kimoja. Nilichungulia katika tundu la ukuta nikauona mdomo wake wa juu, uliochongoka kama kidole, ukikikunja kijiti, ukikivuta, ukikikata. Utomvu ulimtiririka kidevuni kama maziwa ya mtoto mchanga. Harufu yake, ya kijani na chungu, ilibaki uani hadi jua lilipopanda.

“Baba Kabula,” mama alilalamika, “huyu mhela wenu atatuacha uchi! Wapita njia wanatuona tunavyokula.”

“Waone,” baba alijibu. “Wakiona ugali wetu watajua hakuna cha kuiba.”

“Na akinigeukia mimi siku moja?”

“Atakata uzio, mke wangu. Wewe huliki, una maneno mengi.”

Sitaki kuandika kwamba wanakijiji walikuwa watakatifu. Walimlaani. Shangazi yangu alipata kukimbizwa naye hadi akaacha mtungi na kanga njiani, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwuliza aliingia nyumbani akiwa amevaa nini. Wapo waliosema wazi afukuzwe. Hata hivyo hakuna aliyemgusa. Baba alipanda vijiti vipya pale mhela alipotoboa, navyo vilichipua, naye alikuja akavila. Mimi nilidhani ndivyo uzio unavyotunzwa kila mahali.

Shuleni niligundua kwamba mnyama wetu hana jina. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mgeni katika sehemu zetu, na aliamini kwamba taifa litajengwa kwa Kiswahili au halitajengwa. Alibandika ukutani picha za wanyama, akanyoosha fimbo.

“Huyu?”

“Mhela!” tuliitikia darasa zima.

“Hapa shuleni hakuna mhela,” alisema. “Hapa kuna kifaru. Semeni: kifaru anakula. Si *kifaru kinakula*. Jina lina ki, lakini ana uhai, kwa hiyo ni a. Kitu hakili. Mnyama anakula. Kabula, rudia.”

Nilirudia. Nililipenda somo lile kuliko masomo yote, kwa kuwa lilinipa uwezo wa kumpa uhai mnyama wangu kwa herufi moja tu. Jioni nilimwambia mama kwamba kifaru amekula uzio. Aliniuliza kama nimepatwa na homa.

Kisha vita vikaja. Havikuja kwetu, vilikuwa mbali, kule Kagera, lakini redio ya baba ilivileta uani kila jioni, na wanaume walikaa kuizunguka wakiwa wameinamisha vichwa. Mtangazaji alisema kwa haraka na kwa sauti ya chuma: majeshi yetu yamesonga mbele, vifaru vya adui vimeteketezwa.

Niliposikia hivyo mara ya kwanza nililia. Niliona vifaru wengi, wenye masikio yaliyochanika, wakiungua. Baadaye nilijituliza kwa hoja. Mtangazaji alisema *vya* na *vime*, si *wa* na *wame*. Basi bila shaka adui, hata mnyama wake, hapewi heshima ya kiumbe hai. Wa adui ni vitu. Wa kwetu ana uhai. Sarufi ya mwalimu ilitosha kuvieleza vita vizima.

Tena mambo yaliyotokea kijijini yaliithibitisha hoja yangu. Watu walichangia vita. Walitoa mahindi, walitoa mbuzi, walitoa ng’ombe. Lori lilikuja likapakia mafahali wetu, na wazee walisimama kandokando wakiwaaga kama vijana waliojiandikisha jeshini. Baba alitoa dume wake mwekundu. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini, akanijibu, “Anakwenda vitani, mwanangu.” Hakuongeza kwamba anakwenda kuliwa. Kama ng’ombe huenda vitani, kwa nini mhela asiende, naye ana silaha usoni?

Katika msimu huohuo watu wasiojulikana walianza kuonekana pembezoni mwa ngitili. Walikuwa na bunduki na hawakusalimia. Kwetu mtu asiyesalimia ana nia. Baba alifanya lile ambalo mimi mwenyewe, baada ya maisha yangu yote ofisini, ningemshauri afanye: alifuata utaratibu. Alivaa koti lake, akapanda baiskeli, akaenda kutoa taarifa kwa Bwana Nyama.

Vijana wa leo hawalijui jina hilo. Bwana Nyama alikuwa afisa wa wanyamapori. Watu walimwita hivyo kwa kuwa aliwasimamia wanyama wa porini, na kwa kuwa alipoua nyati mharibifu, kijiji kilipata kitoweo. Mimi nilidhani ni jina alilobatizwa. Alikuja kwetu na Landrova, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, akaketi kwenye kiti cha baba na kunywa maziwa yetu.

“Mzee, umefanya vizuri sana,” alimwambia baba. “Serikali inahitaji watu kama ninyi. Analala wapi?”

Baba alimweleza. Alimchorea chini kwa kijiti: hapa lambo, hapa miti ya migunga, hapa njia yake. Alichora kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha daktari mahali panapouma.

“Tutamtunza,” Bwana Nyama alisema. “Niachie mimi.”

Milio ya bunduki ilisikika mchana kweupe, siku baba alipopeleka pamba ghalani. Mama alituvuta ndani. Baadaye kidogo tulipata habari kutoka kwa jirani kwamba ni mazoezi ya mgambo, na kwamba watu wasisogee huko. Nani angebisha? Nchi ilikuwa vitani.

Landrova ilipita kwetu ikitoka upande wa ngitili. Bwana Nyama alisimama kuomba maji ya kunawa. Nilimpelekea katika kata, nikapiga goti.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti.”

Nyuma ya gari kulikuwa na turubai lililofungwa kwa kamba, na nzi walikuwa wengi kuliko kawaida. Nilisikia harufu ya damu, na chini ya hiyo, harufu ninayoijua: ya kijani, chungu, ya minyaa iliyotafunwa. Nilifurahi. Nilijua mhela wangu yuko karibu.

“Mhela wetu yuko wapi?”

“Nani?”

Nilikumbuka kwamba huyu ni mtu wa serikali, na kwa serikali hakuna mhela. “Kifaru,” nilisema.

Alinitazama. Kisha akamtazama dereva wake, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaofunga mlango.

“Ah, kifaru! Kifaru kimekwenda vitani, binti.”

Lilinikwaruza sikio. *Kimekwenda*. Nilitaka kumsahihisha, kwamba ana uhai, kwa hiyo ni *amekwenda*. Lakini mtoto hamsahihishi mtu mzima, tena mwenye bunduki. Nikajiambia kwamba Bwana Nyama hakusoma kwa mwalimu wetu. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba Kiswahili chake kilikuwa sanifu kabisa. Mle garini hakukuwa na mwenye uhai.

Baba aliporudi nilimkimbilia njiani. “Baba, mhela amechaguliwa! Amekwenda vitani! Bwana Nyama amesema!”

Aliiegemeza baiskeli kwenye uzio bila kuitazama, nayo ikaanguka. Hakuiinua. Alitembea kuelekea ngitili, na juu ya vichaka niliona tai wakizunguka. Aliporejea alinawa mikono, akanawa tena, akakataa chakula.

“Kumebaki nini?” mama alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Kila kitu,” baba alijibu, “isipokuwa pembe.”

Nililisikia hilo, wala sikulielewa. Nilidhani wanazungumza juu ya yule dume mwekundu.

Asubuhi baba alivaa koti lilelile, akaenda Shinyanga kuyapeleka malalamiko kwa wakubwa wa Bwana Nyama. Hakurudi jioni ile, wala wiki ile. Mama aliacha kulalamika juu ya uzio. Baba alipoletwa nyumbani, shati lilimpwaya na alitembea akishika ukuta. Ofisini walikuwa wamemsikiliza kwa makini, wakamuuliza swali moja: ni nani aliyejua mnyama analala wapi? Akasema ni yeye. Wakasema, basi jangili ni wewe. Wakamweka mahabusu hadi walipochoka naye. Hakuna mashtaka yaliyosomwa, na kwa sababu hiyo hakuna hukumu iliyopata kumsafisha.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba baba amekwenda Shinyanga na amekonda, nikahitimisha kwamba alikwenda kumfuatilia mhela.

“Atarudi lini?” nilimuuliza.

Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta sarafu katika mfuko uliotoboka.

“Vita havijaisha, Kabula,” alisema.

Basi niliisubiri amani kwa sababu zangu mwenyewe. Vijiti vya uzio vilirefuka, tundu likaziba, na mama, aliyepata faragha aliyoitaka, aligeuza uso kila alipoupita ukuta ule wa kijani usio na pengo.

Vita vilipokwisha, shule yetu ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa stesheni ya Shinyanga kuwapokea wapiganaji ambao treni yao ingepita hapo. Wenzangu walibeba maua na vibendera vya karatasi. Mimi nilibeba fungu la vijiti vya minyaa, nimelifunga katika kanga ya mama. Vilikuwa vichanga, vya ncha za juu, alivyovipenda. Utomvu ulikuwa umelowesha kanga, nami nilivumilia mikono ikiwasha, kwa kuwa nilijua safari ya kutoka vitani ni ndefu na njiani hakuna minyaa.

Treni iliingia ikipiga honi. Wanajeshi walining’inia madirishani, watu wakapiga vigelegele, kina mama wakatandika kanga chini. Mabehewa ya abiria yakapita, yakafuata mabehewa ya wazi, na umati ukapiga kelele: “Vifaru! Vifaru hivyo!”

Nilipenya miguuni mwa watu hadi mbele. Niliona vyuma. Vyuma vikubwa, vya rangi ya matope, vyenye minyororo mahali pa miguu na mdomo mmoja mrefu ulionyooshwa. Nilitazama behewa hadi behewa, nikafika la mwisho.

“Mwalimu,” nilisema nikimvuta shati, “wako wapi?”

“Kina nani?”

“Vifaru.”

“Hivyo hapo! Huvioni? Hivyo!”

Hivyo. Si *hao*. Mwalimu wangu hakuwahi kukosea sarufi. Nikasimama pale na fungu langu, na neno lile dogo likavifungua vyote vilivyofungwa: *vya* adui, *kime*kwenda, turubai, nzi, harufu.

Msichana wa darasa langu alikuwa ameuona mzigo wangu. “Jamani! Kabula kaleta majani ya kulisha chuma!” Wakaangua kicheko. “Mpe basi, Mama Kifaru! Muwekee mdomoni!” Jina hilo lilinikaa hadi namaliza shule.

Nililia, nikajifuta machozi kwa mikono ileile.

Aliyewahi kuingiwa na utomvu wa minyaa machoni hahitaji maelezo yangu. Nilirudishwa nyumbani nikipiga mayowe. Jirani aliyekuwa akinyonyesha aliitwa, akanikamulia maziwa yake machoni, kama ilivyo desturi kwetu, kisha mama akanifunga kitambaa. Nililala gizani katikati ya mchana. Nilimsikia baba akija, akiketi kando ya kitanda.

“Mhela hakwenda vitani,” alisema. “Aliuawa. Mimi nilikwenda kumwitia mlinzi, nikamwitia mwuaji.”

“Bwana Nyama?”

“Bwana Nyama.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka mmoja wetu aendelee kumsubiri.”

Macho yangu yalipona. Nilisoma, nikaajiriwa, nikarudi Shinyanga kama karani mpya, na miongoni mwa kazi zangu za mwanzo niliagizwa kusaidia katika hafla ya kumuaga mstaafu mmoja. Alikuwa yeye. Alipewa godoro, baiskeli na cheti chenye fremu, na hotuba ilimtaja kama mlinzi shupavu wa maliasili zetu. Nilimpakulia pilau.

“Asante, binti,” aliniambia.

Baadaye nilipata mamlaka ya kuingia masjala kwa ufunguo wangu mwenyewe. Hakuna karatasi hata moja juu ya mnyama yule, wala juu ya kifungo cha baba. Halafu nilihamishiwa Geita, nikaishi karibu na uzio mrefu wa mgodi, wenye taa, mbwa na walinzi wa zamu, ambako mchanga wenyewe hauruhusiwi kutoka bila kupekuliwa. Nikafahamu kwamba tulikuwa na uwezo wa kulinda tangu mwanzo. Tulichagua cha kulinda. Leo nasikia faru weusi waliosalia, huko hifadhini, wana askari wao na vifaa vya kuwafuatilia, na wanazaliana. Nafurahi. Lakini sitasema kwamba furaha hiyo imenifutia chochote. Baba alizikwa na jina la jangili, ambalo watu wa heshima walilitaja kwa kunong’ona, nao wengine kwa utani.

Haya nilimsimulia Milembe, kwa ufupi na kwa upole kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza penseli ikiwa mdomoni. Kisha aliuvuta mchoro wake, akapaka Kishapu kijivu, taratibu, asitoke nje ya mstari. Na chini ya ramani, palipoandikwa waeleze kwa sentensi moja, akaandika kwa mwandiko wake wa duara: *Kishapu alikuwapo faru mmoja anakula uzio wetu, aliuawa.*

Nilirekebisha alama ya mkato tu.

Kazi ilirudi jana. Juu ya Kishapu kulikuwa na alama nyekundu ya mkasi, ile ya kukosa. Neno *aliuawa* lilikuwa limekatwa, na juu yake limeandikwa *alitoweka*. Pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwenye madaftari mengi na muda mchache: *Hapa hakukuwa na faru. Fuata kitabu. Rudia.*

“Bibi,” Milembe aliniambia, “umenikosesha.”

Alinyoosha mkono. Kiganjani mwake kulikuwa na kifutio kipya, cheupe, nimtolee ile rangi ya kijivu kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi na hautachana karatasi. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakitia mfukoni, nikafunga kifungo cha mfuko.